Ukara Ilivyopotea Kwenye Stika: Kufuta na Kukata Shepu Kwenye Vekta

Mzee aliiweka ile stika ya ramani ya Ziwa Victoria juu ya meza, akavaa miwani, akaanza kuitafuta Ukara, kisiwa cha kwao, kwa kidole. Akaanzia Mwanza, akapanda nayo, akapita Ukerewe, akafika juu ya Ukerewe akasimama. Kidole kikazunguka pale kwenye bluu tupu kama mara tatu hivi. Alaf akavua miwani akaniangalia akasema, "Kijana, kwetu umekupeleka wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ukara nilikuwa nimeifuta mimi mwenyewe usiku wa jana yake, kwa kubonyeza Delete mara moja tu, na wakati nafanya vile niliona nina sababu nzuri kabisa.

Kibanda changu kiko Kirumba, sio mbali na Mwaloni, nakata stika. Majina ya mitumbwi, maandishi ya bajaji na hiace, logo za vikundi, namba, picha za samaki za kubandika kwenye vioo, chochote ambacho mtu anataka kibandikwe mahali. Mzee ana mtumbwi wake wa injini unaoleta dagaa, na alikuja na wazo ambalo nililipenda toka anaanza kuongea: ramani ya ziwa lote, iwe na rangi tatu, kila nchi na rangi yake, kubwa moja ya ubavuni mwa mtumbwi na zingine ndogo ishirini za kugawia watu wake. Hizo ndogo zilikuwa na upana wa sentimita 12. Sasa piga hesabu. Ziwa letu kutoka magharibi mpaka mashariki ni kama kilomita 240 na kidogo, kwaiyo kwenye stika ya sentimita 12 kila sentimita moja inabeba kilomita 20. Ukara ina kama kilomita kumi hivi toka upande mmoja mpaka mwingine, maana yake kwenye stika ni nusu sentimita. Na mtu yeyote aliyewahi kukata stika anajua kinachotokea kwenye vitu vya nusu sentimita vyenye kona nyingi: kisu kinageuka, kinainyanyua stika, kinaiburuta, na ukija kuchomoa kile kipande kwa kibano kinatoka na jirani yake. Mi nikaona isiwe tabu. Nikabakiza Ukerewe, Kome, Maisome, Rubondo, na kile kikubwa cha Ssese kule Uganda, vingine vyote nikavichagua kwa pamoja nikafuta.

Mzee hakugomba, na hilo ndo liliniumiza zaidi. Aliongea taratibu tu. Akasema Ukara ina watu wamejaa kuliko unavyofikiri, wanalima kila kipande, ng'ombe wanafungwa ndani ili samadi isipotee. Akasema, "Watu wengi wameijua Ukara siku ile ya kivuko." Alikuwa anasema tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikitokea Bugolora upande wa Ukerewe inaelekea Bwisya kule Ukara, ikiwa imebakiza kidogo tu kufika, na watu zaidi ya 220 wakafa. Mi siku ile nilikuwa Mwanza, naikumbuka jinsi mji ulivyokuwa kimya. "Sasa hata kwenye ramani ya mtumbwi wangu mwenyewe haipo," akasema.

Nikamwambia mzee wangu nisamehe, nipe siku mbili. Na hizo siku mbili ndo zimezaa makala hii, mana nilirudi kwenye lile faili nikalifungua upya toka mwanzo, na nikagundua kuna mambo kuhusu kufuta na kukata kwenye vekta (michoro ya mistari, sio ya vinukta) ambayo nayafanya kila siku kwa mazoea ila sijawahi kukaa nikayaelewa sawasawa, na dizaina wengi wadogo wanaokuja kujifunza hapa kwangu wanakwama hapohapo.

Tuanze na raba.

Ukitoka kwenye programu za picha za kawaida, zile za pikseli, raba ni rahisi kuielewa. Picha ni vinukta vingi vimepangwa kama vigae vya sakafuni, raba inapita inaondoa rangi kwenye vigae, basi. Ukija kwenye programu za vekta kama Inkscape au Illustrator au CorelDRAW unaikuta raba imechorwa vilevile, unaishika, unapitisha kwenye duara, na kweli duara linatoboka, kwaiyo unadhani ni kitu kilekile. Sio kitu kilekile kabisa. Kwenye vekta hakuna vigae. Ile bluu unayoiona katikati ya ziwa haipo mahali popote kwenye faili. Kilichopo ni ufukwe tu, mstari unaozunguka, na neno moja la kusema ndani ya huu mstari paka bluu. Sasa utafutaje kitu ambacho hakipo? Programu inachofanya ni kuangalia mkono wako umepita wapi, inatengeneza shepu ya ile njia (kama mtumbwi ulioacha mkondo nyuma yake), alaf inachukua shepu ya kwanza inatoa shepu ya pili. Ukimaliza huna ziwa lililofutwa, una ziwa lenye ufukwe mpya. Yani kufuta kwenye vekta ni kuchora. Mara nyingi ukipitisha raba unaongeza mistari, hupunguzi, na ukitaka kuamini chagua ile shepu ingia kwenye nodi (zile pointi zinazoushika mstari) uzihesabu kabla na baada.

Hii ndo sababu mkono ukitetemeka kwenye raba unaharibu kazi kuliko kwenye pikseli. Maus ya bei rahisi, meza inayocheza, unapita na raba kwenye ukingo wa herufi, kwa macho inaonekana safi, ila pale pamejaa nodi thelathini za mkono wako kutetemeka. Kwenye skrini huzioni. Mashine ya kukata inaziona zote na inazifuata moja moja, inakwenda inashtukashtuka, ukingo unatoka na meno kama msumeno. Wengine wanakimbilia kubonyeza Ctrl na L (amri ninazotaja hapa ni za Inkscape) ili programu irahisishe mstari, na kweli nodi zinapungua, ila inarahisisha shepu nzima, hata zile kona ulizokuwa unazitaka zinayeyuka, na ukibonyeza harakaharaka mara nyingi mfululizo inazidi kuyeyusha kwa nguvu. Mi naitumia kwa tahadhari sana.

Ninachofanya siku hizi, na ndicho ninachowafundisha vijana, ni kuiacha raba kwa kazi za kukadiria tu. Nikitaka kuondoa kitu kwa uhakika nachora mwenyewe shepu ya kuondolea, kwa ile kalamu ya mikunjo, nodi chache, safi, naiweka juu ya shepu ninayotaka kuikata, nachagua zote mbili, alaf Ctrl na alama ya kutoa. Iliyo chini inabaki, iliyo juu inaondoka na kipande ilichokuwa imekifunika. Kumbuka hapo ni chini toa juu, sio iliyochaguliwa kwanza toa iliyochaguliwa baadae, hili linawachanganya watu sana, wanabonyeza wanaona kile walichotaka kibaki ndo kimepotea, kumbe mpangilio wa juu na chini ulikuwa umegeuka. Na kama ni maandishi, yageuze kwanza yawe njia kwa Shift Ctrl C, kisha yatenganishe kwenye kundi, mana maandishi yakiwa bado maandishi programu inayaona kama fonti, sio kama mistari, na ukishayageuza yanakuja yakiwa kundi.

Kuna jambo moja linakaa karibu na kufuta ambalo limenigharimu hela, nalo ni kufunika.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye hii kazi, kabla sijawa na mashine yangu, nilipewa kazi ya beji ya shule ya kubandika kwenye milango ya gari. Beji ilikuja na utepe chini ambao hawakuutaka tena. Mi nikachora kisanduku cheupe nikaweka juu ya utepe, kwenye skrini utepe umepotea, nikatuma faili kwa mtu wa kukata, nikaenda zangu kula. Narudi nakuta karibu mita mbili za stika nyekundu zimeharibika. Mashine haijui nyeupe. Mashine haijui rangi yoyote, inajua mistari tu, kwaiyo ilikata utepe vizuri kabisa, alaf ikakata na kisanduku changu cheupe juu ya utepe, mistari imepishana kila mahali. Ile hela nililipa mimi kwa wiki tatu. Na hakuna wa kumlaumu, mana printa ya karatasi ingekubali kile kisanduku bila shida yoyote, ndo maana sikuwahi kujifunza tofauti.

Toka siku hiyo nikawa na tabia moja: kabla ya kupeleka chochote kwenye mashine nawasha muonekano wa mistari mitupu, ule unaoondoa rangi zote ukaona mifupa ya mchoro. Pale hakuna kinachojificha. Kisanduku cheupe kinaonekana, mask (shepu ya kuficha sehemu ya nyingine) inaonekana, kipande kilichobaki chini ya kingine kinaonekana. Raba ya Inkscape yenyewe ina namna tatu za kufanya kazi, na watu wengi hawajui kama zipo: moja inafuta kitu kizima kilichoguswa, ya pili inakata kweli, na ya tatu inaficha tu sehemu iliyopitiwa huku shepu ya chini ikiwa nzima. Hiyo ya tatu ni nzuri kwa bango la kuprinti kwa sababu unaweza kurudi nyuma siku nyingine, ila kwa stika ni mtego uleule wa kisanduku cheupe. Hata unene wa mstari ni mtego wa aina hiyo. Mstari wako unaweza kuonekana mnene kama kamba ya nanga, kwa mashine ni uzi mmoja unaopita katikati, inakata hapo katikati basi, mpaka uugeuze ule mstari uwe shepu yenye kingo mbili.

Sasa turudi ziwani, mana hapa ndo pananinogea.

Swali ni hili: kisiwa kinakaaje kwenye faili? Ukiifungua SVG, yani faili la vekta, kwa notepad, na nakushauri uifungue hata mara moja maishani mwako, utakuta shepu ya ziwa ni mlolongo mrefu wa herufi na namba. M ni nenda mpaka hapa bila kuchora. L ni piga mstari ulionyooka. C ni piga mkunjo. Z ni funga, rudi ulipoanzia. Ukifuatilia ufukwe wa ziwa unazunguka wote mpaka unafika Z. Alaf, ndani ya mlolongo uleule, inakuja M nyingine, inachora Ukerewe, Z. M nyingine, Kome, Z. Kwaiyo kisiwa sio shepu ya kijani iliyowekwa juu ya bluu. Kisiwa ni duara la pili ndani ya shepu moja ya ziwa. Ni tundu.

Na programu inajuaje kama hilo la pili ni tundu na sio maji mengine? Inahesabu. Simama mahali popote kwenye ramani, toka ukatembee kwa mstari ulionyooka mpaka nje kabisa ya mchoro, hesabu umevuka mistari mingapi. Wewe uko kwenye mtumbwi katikati ya ziwa, unaelekea Musoma: unavuka ufukwe mara moja, uko nje. Moja ni namba witwa, kwaiyo pale ulipokuwa panapakwa bluu. Sasa simama Nansio, kisiwani Ukerewe. Unatoka, unavuka ufukwe wa Ukerewe, moja, unapita majini, unavuka ufukwe wa Musoma, mbili. Mbili ni shufwa, kwaiyo Nansio haipakwi. Ni nchi kavu. Na hata ukipita kwenye kisiwa kingine njiani, utaingia na kutoka, unaongeza mbili, jibu halibadiliki. Mi siku nilipoielewa hii nilisimama kibandani peke yangu nikacheka kwa furaha, mana nimezaliwa kwenye hili ziwa na sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kujua kama uko majini au nchi kavu kwa kuhesabu fukwe.

Ila kuna kanuni ya pili, na ndiyo iliyowahi kunifutia visiwa vyote kwa mkupuo. Kanuni hiyo haihesabu tu, inaangalia na mwelekeo. Mstari uliochorwa kufuata saa unaongeza moja, uliochorwa kinyume na saa unapunguza moja, na mahali popote ambapo jibu sio sifuri panapakwa. Kama ziwa limechorwa kufuata saa na Ukerewe imechorwa kinyume na saa, moja toa moja ni sifuri, kisiwa kinabaki. Kama zote zimechorwa upande mmoja, moja jumlisha moja ni mbili, sio sifuri, Ukerewe inajaa maji. Unafungua faili lako kwenye programu nyingine unakuta ziwa ni bluu moja tupu, unadhani faili limeharibika, kumbe visiwa vyote bado vipo, mistari yake ipo, ni kanuni ya kupaka tu imebadilika. Dawa yake ni kwenda kwenye dirisha la rangi ukabadili kile kialama cha kanuni, au kugeuza mwelekeo wa njia ya kisiwa. Kijana mmoja aliwahi kuniletea herufi O na A na B za mtindo huu, zote matundu yamejaa, amekesha anazichora upya.

Baada ya visiwa ilikuja kazi ya kugawa nchi tatu. Hapa sitoi, nagawa, na ni amri nyingine: Ctrl na mkwaju (/). Unaweka mstari juu ya shepu, unachagua vyote, shepu ya chini inakatika kufuata ule mstari na kila kipande kinakuwa kitu kinachojitegemea, kimefungwa vizuri pande zote. Mpaka wetu na Uganda kule majini ni rahisi kuchora mpaka unashangaa, ni mstari ulionyooka wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, hakuna kona. Ninachokumbusha ni kwamba mstari lazima uvuke fukwe zote mbili utokeze nje kidogo, ukiishia ndani ya ziwa hata kwa unywele kipande hakiachii. Nikakata, nikapata kusini yetu na kaskazini ya wenzetu. Kisha hicho cha kaskazini nikakikata tena kwa mstari wenye kona, Uganda upande mmoja na Kenya upande mwingine. Kipande cha Kenya ukikiona kimekaa peke yake ni kidogo kweli, asilimia 6 hivi ya ziwa lote, sisi tuna karibu nusu. Kizuri ni kwamba visiwa vinafuata maji yake vyenyewe: tundu la Ukerewe likabaki kwenye kipande chetu, matundu ya Ssese yakaenda Uganda, sikugusa chochote.

Usichanganye kugawa na ile amri jirani yake ya Ctrl Alt mkwaju, ambayo inakata mstari wa ukingo tu na kukuachia vipande vya nyuzi visivyo na rangi ndani. Na usichanganye na kuvunja shepu, Shift Ctrl K, ambayo haikati kitu chochote, inachukua tu kila M na Z iliyokuwa kwenye mlolongo mmoja inaifanya iwe kitu peke yake. Ukiivunja ramani ya ziwa kwa amri hiyo Ukerewe inaacha kuwa tundu inakuwa kipande cha bluu juu ya bluu, haionekani tena, na watu wanapiga kelele kwamba kimefutika. Hakijafutika. Chagua vyote, Ctrl K, vinarudi kuwa shepu moja.

Toka toleo la 1.3 la Inkscape, la mwaka 2023, kuna kile kifaa cha kujenga shepu, unachagua vitu vyako vyote vilivyopishana, vinageuka vipande vipande, unaburuta maus kuviunganisha au unashika Shift kuviondoa. Illustrator walikuwa nacho toka 2010. Kwa logo kinaokoa muda mwingi. Kwa ramani bado napenda kukata mwenyewe.

Kuna kitu nilikuwa naogopa zamani bila sababu, kwamba kila nikiukata mkunjo naupunguzia ubora, kama unavyokata mbao kisu cha msumeno kinakula kidogo. Haiko hivo. Mikunjo hii ilitoka kwenye viwanda vya magari Ufaransa. Paul de Casteljau alikuwa Citroën, mwaka 1959 akapata njia ya kuikokotoa, kampuni ikaificha kama siri. Pierre Bézier alikuwa Renault, yeye akaruhusiwa kuchapisha, ndo maana jina lake ndo limebaki kwenye mikunjo. Ila njia ya kuikata ni ya de Casteljau na ni nzuri mno, unaweza kuifanya kwa rula kwenye daftari. Mkunjo mmoja una pointi nne: mbili za mwanzo na mwisho ambazo mstari unazigusa, na mbili za kati ambazo zinauvuta tu, ile mikono unayoiona imechomoza kwenye nodi. Ziunganishe zote nne kwa mistari mitatu iliyonyooka. Weka alama katikati ya kila mstari, unapata alama tatu. Ziunganishe, weka alama katikati, unapata mbili. Ziunganishe, weka alama katikati, unapata moja. Hiyo moja iko juu ya mkunjo wenyewe, palepale unapotaka kukata. Na zile alama ulizopitia njiani, ukiacha ile ya kati kwenye zile tatu za kwanza, hazitupwi, zinakuwa mikono ya mikunjo miwili mipya, na hiyo miwili ukiiweka pamoja ni mkunjo uleule wa kwanza, haujasogea hata kidogo. Hutaki katikati, unataka theluthi? Weka alama kwenye theluthi kila hatua, jibu linakuja lilelile. Ndo maana ukigonga mara mbili juu ya njia ukaongeza nodi shepu haibadiliki, na ukiichagua nodi ukabonyeza Shift B njia inakatika pale bila kupoteza kitu. Ukiisogeza hiyo nodi baadae, hapo ni wewe umebadilisha.

Basi nikarudi kwa Ukara. Usiku wa kwanza nilijaribu kuirudisha kama ilivyokuwa kwenye ramani niliyoichora mwanzo, na ubishi wa kisu ukawa palepale, mana ufukwe wake wa kweli una ghuba na vidole vingi na kwa nusu sentimita vyote vinakuwa uchafu. Usiku wa pili nikakubali kwamba lazima niikate upya. Nikaifungua kwenye kioo kikubwa, nikatazama umbo lake kwa muda mrefu, nikajiuliza mtu aliyezaliwa pale akiliona kwa mbali ataona nini, ghuba gani akiikosa atasema hii siyo, na ghuba gani hata yeye hataikumbuka. Nikachora kwa nodi saba. Nikaikuza kidogo, robo hivi, nikaisogeza kaskazini kwa unywele ili ule mlango wa maji kati yake na Ukerewe usizibe, mana maji yale nayo ni kitu, watu wanavuka pale kila siku. Kisha nikaichagua na kipande chetu cha ziwa, Ctrl na alama ya kutoa. Tundu likatokea. Nikapunguza mwendo wa mashine mpaka chini kabisa, nikatoa nakala moja ya majaribio, nikachomoa kile kipande kidogo kwa kibano taratibu, kikatoka chenyewe bila jirani.

Mzee alikuja Jumamosi asubuhi. Shikamoo, marahaba, akakaa, akavaa miwani. Kidole kikaanzia Mwanza tena, kikapanda, kikapita Ukerewe, kikasimama. Akakaa nacho pale. Akasema, "Ghuba ya Bwisya umeibakiza." Nikamwambia ndiyo mzee, ile niliibakiza kwa makusudi isipotee. Akaomba zile ndogo ziwe thelathini badala ya ishirini.

Lile faili la ziwa nimelihifadhi, mana watu wengine wameshaliulizia, yuko mama mmoja wa Kome na vijana wa boti kutoka Ukerewe. Nimelipanga kwa leya, yani matabaka. Visiwa vyote nilivyokuwa nimevifuta usiku ule nimevirudisha, kila kimoja kimechorwa upya kwa nodi chache, vimekaa kwenye leya yao, na leya ile nimeifunga kile kialama cha kufuli, kwa sababu leya ikiwa imefungwa raba inapita juu yake bila kugusa kitu.